Kufuta Jina si Kumficha Mtu

Miongoni mwa ahadi ambazo msomi humpa mwananchi, hakuna iliyo nyepesi kutamka na nzito kutimiza kama ile isemayo, "Jina lako halitaandikwa popote." Ahadi hiyo hutolewa mara kwa mara katika vijiji vya Mkoa wa Iringa. Mtafiti hufika Kilolo, Mufindi au Isimani akiwa na kibali, barua ya mkoa na ya wilaya, na hojaji mkononi. Hupokewa na mtendaji wa kijiji, huongozwa na mwenyekiti wa kitongoji hadi nyumba ya kwanza, hupewa kigoda, na baada ya "Kamwene" na maamkizi mengine huisoma karatasi ya ridhaa. Mwenye nyumba, aghalabu mama aliyetoka shambani, huitia sahihi au dole gumba. Kisha huanza kueleza mambo ambayo hata jirani yake hajapata kuyasikia: watoto waliofariki, deni asilolilipa, ugonjwa alio nao, ekari alizouza kwa siri, na yaliyompata katika ndoa yake.

Baada ya miaka miwili au mitatu makala hutokea katika jarida la kitaaluma. Jina la mama yule halimo. Lakini kijiji chake kimetajwa. Umri wake umetajwa. Idadi ya watoto wake, kazi yake na mwaka aliofiwa na mume vimetajwa. Na maneno yake yamenukuliwa jinsi alivyoyasema. Yeyote wa kijiji kile aisomaye makala hiyo humtambua kabla ya kufika mwisho wa aya. Ahadi imetimizwa kwa herufi na kuvunjwa kwa maana.

Jambo la namna hii linapotokea, lawama hupelekwa kwa mtafiti, na pengine kwa kamati ya maadili iliyompa kibali. Yuko wa tatu ambaye ni nadra kutajwa, naye ni mhariri wa jarida. Kamati huusoma mpango wa utafiti kabla neno lolote halijatamkwa na mhojiwa. Haijui nini kitakachoandikwa. Mtafiti ameishi na habari zile muda mrefu hata hazioni tena kuwa ni siri. Mhariri peke yake ndiye anayeyaona maneno yale katika sura yake ya mwisho, wakati bado inawezekana kuyarekebisha. Yeye ndiye mlinzi wa mlango wa mwisho, na mlango huo katika majarida mengi haujawekewa komeo.

Mkoa Uliohojiwa Sana

Iringa si ngeni kwa watafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanaanthropolojia G. Gordon Brown na Afisa wa Wilaya A. Bruce Hutt walifanya jaribio la kuunganisha elimu na utawala. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: afisa aliuliza maswali aliyoyahitaji kwa ajili ya kazi yake ya kutawala, mwanaanthropolojia alikwenda kwa Wahehe kuyatafutia majibu, kisha akayarudisha kwa afisa. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 1935 katika kitabu kiitwacho Anthropology in Action. Ni kitabu chenye manufaa kwa wanahistoria hadi leo. Hata hivyo msomaji wa siku hizi hana budi kujiuliza swali moja. Mzee wa Kihehe aliyekuwa akieleza habari za ndoa au za shauri lililoamuliwa barazani, je, alijua kwamba maneno yake yalikuwa njiani kuelekea ofisini kwa mtawala?

Baada ya Uhuru maswali yalibadilika, lakini uzito wa majibu haukupungua. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Isimani ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa mahindi kwa wingi nchini. Wasomi walikwenda huko kuchunguza jinsi ardhi ilivyomilikiwa, nani alikuwa na trekta, na nani alikuwa akiajiri vibarua. Adhu Awiti alichapisha makala yake juu ya Isimani mwaka 1973 katika jarida la The African Review, na Rayah Feldman akachapisha yake mwaka 1974 katika The Journal of Development Studies. Hizo ni kazi za thamani, na hakuna sababu ya kuwashutumu waandishi wake. Lakini yafaa ikumbukwe Isimani ilikuwa katika hali gani wakati ule. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliyekuwa akisimamia uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, aliuawa huko huko Isimani na mkulima mmoja mwenye shamba kubwa.

Mahali palipofikia hali hiyo, idadi ya ekari haikuwa tarakimu ya uchumi peke yake. Ilikuwa habari iliyoweza kumtenga mtu aliyeitwa mkulima na mtu aliyeitwa mnyonyaji. Hapa pana funzo kubwa kwa wahariri wa leo. Siri ya mtu si ugonjwa wake tu. Habari isiyo na madhara siku inapotolewa yaweza kuwa na madhara siku inapochapishwa, kwa kuwa siasa hubadilika, bei ya ardhi hupanda, sheria hutungwa upya, na viongozi huja na kuondoka. Mhojiwa hutoa jibu lake katika siku moja, lakini jarida hulihifadhi kwa miaka mia.

Siku hizi ni habari za afya zinazowavuta watafiti wengi zaidi katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaoishi na virusi vya UKIMWI ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Kwa Mkoa wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, kiwango kilikuwa asilimia 12.7; kwa Iringa asilimia 11.1, na kwa Mbeya asilimia 9.6. Mikoa yenye viwango vya namna hii ni lazima ichunguzwe, na wananchi wake wamekuwa wakarimu kwa watafiti. Wametoa damu, wametoa muda, na wametoa habari za maisha yao ya faragha. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inaamuru majibu ya kipimo yawe siri. Muuguzi wa zahanati anayeyatangaza majibu hayo huadhibiwa. Lakini jarida linalochapisha maelezo yanayomfanya mgonjwa atambulike kijiji kizima halina muuguzi wa kumshtaki.

Hesabu ya Kumpata Mtu

Wapo wanaodhani kwamba hofu hii imetiwa chumvi. Husema kwamba habari mbili tatu haziwezi kumtambulisha mtu katika umati. Hoja hiyo yaweza kupimwa kwa hesabu ndogo ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba anaimudu.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kijiji fulani kina watu 2,400. Makala inaposema kwamba mhojiwa ni mwanamke, nusu ya watu hao huondoka, hubaki 1,200. Inapoongeza kwamba ana umri kati ya miaka 30 na 39, na ikichukuliwa kwamba mwanamke mmoja katika kila wanane ana umri huo, hubaki 150. Inaposema kwamba ni mjane, na ikichukuliwa kwamba mmoja katika kila kumi na watano wa rika hilo amefiwa na mume, hubaki 10. Na inapomaliza kwa kusema kwamba ni mwalimu wa shule ya msingi, hubaki mmoja. Hakuna jina lililoandikwa. Kila habari ikiwa peke yake haina hatia. Zikikutana zinaelekeza kidole. Katika jiji la watu milioni kadhaa hesabu hiyo hiyo ingeacha mamia ya watu mwishoni. Ndiyo maana kanuni zilizotungwa kwa kufikiria miji mikubwa ya Ulaya hazitoshi kwa kitongoji cha Mufindi.

Na hata katika nchi zenye miji mikubwa hatari hiyo imethibitishwa. Mwaka 1997, huko Massachusetts, Marekani, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta aitwaye Latanya Sweeney alichukua kumbukumbu za matibabu za watumishi wa serikali zilizokuwa zimetolewa kwa watafiti baada ya kufutwa majina. Kisha akanunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge. Aliyalinganisha mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na namba ya posta. Katika daftari lile watu sita walikuwa wamezaliwa siku moja na Gavana William Weld. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Na mmoja tu ndiye aliyeishi katika eneo la namba yake ya posta. Kumbukumbu za matibabu za gavana zikawa zimepatikana. Katika vijiji vya Iringa hakuna haja ya kununua daftari, kwani daftari ni kumbukumbu za majirani, nazo ni kamili kuliko za serikali yoyote.

Sayansi yenyewe, hata hivyo, imekwisha kuvumbua dawa ya ugonjwa huu. Katika tafiti za kitaifa za afya zinazofanywa kwa utaratibu wa DHS, ambazo Tanzania imeshiriki mara nyingi, alama za ramani zinazoonyesha mahali kaya zilipohojiwa husogezwa kwa makusudi kabla ya kukabidhiwa watafiti wengine. Za mjini husogezwa kwa bahati nasibu hadi umbali wa kilometa 2, za vijijini hadi kilometa 5, na sehemu moja katika kila mia ya zile za vijijini hadi kilometa 10. Mchanganuzi wa takwimu hupoteza kidogo sana katika usahihi wa matokeo yake. Mhojiwa hupata kinga kubwa, kwa kuwa hakuna awezaye kusema kwa uhakika ni kijiji kipi. Ikiwa takwimu za taifa zima zinaweza kutunzwa kwa uangalifu wa namna hiyo, hakuna sababu ya makala moja kushindwa.

Msomaji si Mgeni Tena

Zamani mwandishi wa kitaaluma alikuwa na kinga moja isiyoandikwa: watu alioandika habari zao hawakuwa wakimsoma. Jarida lilikaa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au la London, na ilikuwa vigumu mwenyeji wa Isimani kulitia machoni. Kinga hiyo sasa imekwisha. Tangu mwaka 1998 shirika la African Journals Online, lenye makao yake Afrika Kusini, limekuwa likiyaweka majarida ya Kiafrika katika mtandao wa kompyuta, na mengi miongoni mwake husomwa bila malipo. Kijana aliyeketi Ipogolo akingojea basi anaweza kuifungua makala ya jarida katika simu yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Iringa wengine ni watoto wa vijiji vile vile vilivyochunguzwa. Msomaji wa jarida si mgeni tena. Yawezekana ni mpwa wa mhojiwa.

Wamarekani walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1958 Arthur Vidich na Joseph Bensman walichapisha kitabu kuhusu mji mdogo wa jimbo la New York, ambao waliupa jina la bandia la Springdale. Majina ya watu wote yalibadilishwa. Wenyeji walipokisoma kitabu walijitambua mmoja mmoja, na walikasirika. Katika gwaride la tarehe 4 Julai walipita barabarani wakiwa wamevaa vinyago, ndani ya magari yaliyoandikwa majina ya bandia waliyopewa kitabuni, na nyuma yao ikafuata mashine ya kusambaza samadi ikiwa na sanamu ya mtafiti akiinamia mzigo huo. Kilicho muhimu kwa hoja hii ni kwamba jarida moja la kitaaluma, Human Organization, lililokuwa chini ya mhariri William Foote Whyte, lililichukua suala hilo mwaka ule ule na kulifungulia mjadala katika kurasa zake. Whyte alitambua kwamba swali lile lilikuwa la kila jarida na la kila chama cha wasomi, si la waandishi wawili peke yao.

Kuna hatari nyingine ambayo hapo Springdale haikuwapo. Majarida mengi sasa yanayapiga picha matoleo yake ya zamani, ya miaka ya 1960 na ya 1970, na kuyaweka katika kompyuta ili yasomwe na ulimwengu mzima. Kazi hiyo ni njema, kwani inaokoa elimu iliyokuwa ikiliwa na mchwa. Lakini zamani haikuwa ajabu kuchapisha picha ya mgonjwa ikiwa na uso wake, au jina la mtu na la kijiji chake. Aliyepigwa picha ile alidhani, kama alidhani lolote, kwamba ataonekana na madaktari wachache. Mtu huyo au watoto wake wangali hai. Kulifufua toleo la zamani ni kulichapisha upya, na mhariri wa leo hawezi kusema kwamba dhambi ni ya aliyemtangulia.

Yanayolindwa na Yasiyolindwa

Haitakuwa haki kusema kwamba majarida hayajali siri. Yanajali sana siri za nyumbani kwao. Jina la mhakiki hufichwa kwa mwandishi, na jina la mwandishi mara nyingi hufichwa kwa mhakiki. Majarida mengi ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huendeshwa kwa programu ya kompyuta iliyotengenezwa Kanada na Public Knowledge Project, na programu hiyo huja na tamko fupi lililokwisha kuandikwa, ambalo jarida laweza kulichukua kama lilivyo. Tamko hilo huahidi kwamba majina na anwani za barua pepe zilizoandikishwa jaridani zitatumika kwa shughuli za jarida tu, wala hazitapewa mtu mwingine. Ni ahadi njema. Lakini msomaji akilitazama tamko hilo kwa makini ataona kwamba linawalinda waandishi, wahakiki na wasomaji waliojiandikisha. Mama wa Kilolo hakujiandikisha. Anwani ya barua pepe ya profesa, ambayo aghalabu imebandikwa katika mlango wa ofisi yake, imewekewa ulinzi. Ugonjwa wa mkulima haukuwekewa.

Majarida ya tiba yamekwenda mbele zaidi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia katika mkutano wa Vancouver mwaka 1978, inataka mgonjwa anayeweza kutambulika atoe ridhaa ya maandishi ya kuchapishwa, na kabla ya kuitoa aonyeshwe makala itakayochapishwa. Inasema pia kwamba kuziba macho ya mgonjwa katika picha hakutoshi kumficha. Kanuni hizo zinafaa kuigwa na majarida ya historia, ya kilimo, ya elimu na ya lugha, ambayo mengi hudhani kwamba jambo hili ni la madaktari. Yaliyotokea Isimani yanatosha kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi.

Sheria ya nchi nayo imekwisha kusema. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia imekwisha kuundwa. Sheria hiyo haiwafungii watafiti mlango. Inaruhusu taarifa zitumike kwa ajili ya utafiti na takwimu, mradi zisichapishwe kwa namna inayoweza kumtambulisha mhusika. Uzito wote wa ruhusa hiyo umo katika neno "zisichapishwe". Mchapishaji ni nani, kama si jarida? Bunge limemwachia mhariri kazi ya kupima, na kazi hiyo haifanywi kwa kutazama tu kama jina limefutwa.

Pingamizi na Majibu Yake

Zipo hoja tatu za upinzani zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba sayansi hutaka usahihi, na kwamba makala isiyotaja mahali ni hadithi. Hoja hiyo ina nguvu. Mtaalamu wa udongo au wa mvua hana budi kutaja mahali hasa, kwani udongo wa Isimani si udongo wa Mufindi. Lakini yafaa kuuliza kila mara: jambo hili limetajwa kwa sababu hoja inalihitaji, au kwa mazoea? Ikiwa hoja ni juu ya wajane na mirathi, wilaya yatosha. Jina la kitongoji haliongezi ushahidi wowote. Umri unaweza kuandikwa kwa makundi. Maelezo ya wahojiwa wawili yanayofanana yanaweza kuunganishwa, mradi mwandishi aseme wazi kwamba amefanya hivyo na kwamba maana haikupotoka. Mwandishi asiyesema amebadilisha nini huikosea sayansi. Asiyebadilisha lolote huenda akamkosea mtu.

Hoja ya pili husema kwamba wahariri wa majarida ya nchini hufanya kazi hiyo bila malipo, usiku, baada ya kusahihisha mitihani. Ni kweli tupu. Lakini kazi inayodaiwa hapa haihitaji fedha. Mhariri anayeweza kugundua kwamba marejeo ya mwandishi hayakupangwa kwa utaratibu wa alfabeti anaweza pia kugundua kwamba mwanakijiji fulani amevuliwa nguo. Ni suala la kuzoeza jicho.

Hoja ya tatu ni ya maana kuliko zote. Husema kwamba kuficha majina nako ni dhuluma, kwa kuwa kwa miaka mingi wazee wa Kiafrika walitoa elimu yao wakaishia kuandikwa "mwenyeji mmoja", huku sifa zikienda kwa aliyeshika kalamu. Mganga aliyemwonyesha mtafiti mti wa dawa, mzee aliyesimulia habari za vita vya Mkwawa na Wajerumani, fundi aliyeeleza namna ya kufua chuma, hawa si wagonjwa, ni walimu. Hoja hii ni sahihi kabisa, na inaonyesha kwamba lengo halikuwa kamwe kuficha kila kitu. Lengo ni kumwachia mtu mwenyewe uamuzi. Anayetaka kutajwa atajwe kwa heshima, pamoja na jina la baba yake na la kijiji chake. Anayetaka kufichwa afichwe kweli kweli. Kosa la majarida ni kutumia kanuni moja kwa wote bila kuwauliza wenye habari zao.

Mhariri Aulize Nini

Hapana haja ya kuunda kamati mpya wala kungoja msaada kutoka nje. Yatosha kila jarida la kitaaluma la nchi hii kuchapisha katika kurasa zake, mahali pale pale linapotoa maelekezo kwa waandishi, maswali machache ambayo kila mswada utaulizwa kabla ya kukubaliwa.

Swali la kwanza: je, jirani wa mhojiwa akiisoma makala hii, atamtambua? Kipimo kiwe jirani, si mgeni wa ng'ambo. Mwandishi mwenyewe alikaa kijijini, anaweza kujibu. Swali la pili: je, mhojiwa aliridhia kuhojiwa tu, au aliridhia pia kuchapishwa, na alielezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba maandishi yatasomwa na mtu yeyote mwenye simu? Ridhaa ya kuzungumza kibarazani si ridhaa ya kutangazwa duniani. Swali la tatu: takwimu ghafi, picha, na sauti zilizorekodiwa zitahifadhiwa wapi, na nani ataruhusiwa kuzifungua? Siku hizi majarida mengi hudai takwimu ziwekwe hadharani ili wengine wazihakiki, na ni dai jema kwa uaminifu wa sayansi. Lakini za namna hii zafaa kuwekwa mahali ambapo msomaji huomba kabla ya kupewa. Swali la nne: ikiwa hakuna mtu mmoja anayetambulika, je, kijiji kizima kinaaibishwa? Kijiji kilichoandikwa kuwa ni cha walevi au cha wagonjwa hubaki na jina hilo, na vijana wake huulizwa habari zake waendapo kuposa.

Na liwepo jambo la tano, ambalo si swali bali ni mlango. Kila jarida litaje anwani ambayo mtu aliyeandikwa, au ndugu yake, anaweza kuitumia kulalamika, na lieleze ni nani atakayemsikiliza na kwa muda gani. Mwandishi aliyekataliwa makala yake ana njia ya kukata rufani. Mwananchi aliyeandikwa vibaya hana. Kumpa njia hiyo ni jambo dogo, na aghalabu mhariri akipelekewa lalamiko angeweza kuliondoa neno moja au jina la kitongoji kabla madhara hayajaenea.

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Mtafiti ni kata: ameingizwa mpaka chini kabisa ya mtungi wa mtu, mahali ambapo hata jirani hafiki, na amechota. Alipewa maji hayo kwa kuaminiwa. Jarida ndilo huamua kiasi gani kimiminwe barabarani. Iringa imekwisha kutoa majibu kwa afisa wa mkoloni, kwa mchumi wa miaka ya ujamaa, na kwa daktari wa leo, na bado humpa mgeni kigoda akija na hojaji. Mama yule wa Kilolo hajui kuwa liko jarida, wala hajui mhariri ni nani. Siku mpwa wake atakapomletea simu na kumwuliza, "Shangazi, huyu si wewe?", mlango wa mapokezi katika nyumba ile utafungwa. Kitongoji kizima kitasikia, na mtafiti ajaye, hata akiwa mwema, atajibiwa kwa uongo wa adabu. Uongo huo ndio utakaoingizwa katika majedwali na kuchapishwa kama ukweli.